Pampasi za chupi: mwongozo kamili wa kumtoa mtoto kwenye nepi

Mwanangu wa kwanza alivaa pampasi za chupi miezi saba, na kwa miezi yote saba hakujifunza choo. Nilizinunua kwa nia njema kabisa. Nilimvalisha asubuhi, nikamwonyesha poti, nikangoja siku atakayoishusha mwenyewe na kukaa. Siku hiyo haikuja. Mara nyingi nilimtazama amechuchumaa akipanga vitofali vyake vya plastiki, michoro ya mbele ya pampasi ikififia taratibu kwa sababu anakojoa, na mikono yake haikusimama hata kidogo. Hakujua kama kuna jambo limetokea.

Mdogo wake wa kike alivaa aina ileile ya pampasi, na kufikia wiki ya nne alikuwa ameshamaliza kazi ya mchana. Safari hiyo nilikuwa nimebadilisha saa na mahali pa kuzitumia, pamoja na maneno niliyokuwa nikimwambia mtoto. Wazazi wenzangu wengi wamepita humohumo. Wapo wanaoapa kwamba pampasi hizi zilimchelewesha mtoto wao, na wapo wanaosema wasingeweza bila hizo. Ukiwauliza siku yao ilikwendaje, unakuta wa kwanza walizivalisha kutwa nzima, na wa pili walizivalisha kwa saa maalumu.

Ijue kwanza unayoinunua

Ukiondoa kiuno, pampasi ya chupi ni pampasi ileile ya kufunga. Juu kuna kitambaa chembamba kinachopitisha maji. Katikati kuna nyuzi laini zinazotokana na mbao, zimechanganywa na chembechembe za sodiamu poliakrileti, ambazo zikigusana na maji hunyonya mara nyingi ya uzito wake na kugeuka jeli. Nje kuna plastiki nyembamba. Kilichobadilishwa ni kiunoni: badala ya gundi za kubandika, kuna lastiki iliyozunguka ili mtoto avute juu na chini mwenyewe, na pembeni kuna mshono unaochanika kirahisi. Marekani, kampuni ya Kimberly-Clark ilizileta sokoni mwaka 1989 kwa jina la Pull-Ups, na kampuni nyingine zikafuata.

Kabla hujaanza, fanya jaribio dogo. Chukua pampasi moja kavu, imiminie maji ya uvuguvugu kama robo kikombe hapo katikati, ngoja nusu dakika, kisha bonyeza kwa kiganja. Utahisi joto na uzito, lakini kiganja kitatoka karibu kikavu. Sasa mimina kiasi hichohicho kwenye chupi ya pamba. Maji yanaenea, yanachuruzika, yanapoa. Hapo ndipo nilipomwelewa mwanangu wa kwanza. Nilikuwa nikimtaka aache mchezo kwa sababu ya unyevu ambao yeye hakuwa akiuhisi. Pampasi ilifanya kazi iliyotengenezewa, nayo ni kumweka mtoto mkavu.

Kwa hiyo ichukulie kama vazi la kukulinda wewe, kochi, kiti cha gari na godoro. Kazi ya kufundisha inabaki kwako.

Hatua ya kwanza: mwangalie mtoto kabla ya kalenda

Wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3, na muda huo ni mpana sana, kwa hiyo usimpime mwanao kwa mtoto wa jirani. Daktari wa watoto wa Marekani T. Berry Brazelton, aliyechapisha mwaka 1962 taarifa za watoto 1,170 waliofundishwa kwa kufuata utayari wao, aliona wastani wa kukauka mchana ni karibu miezi 28 na nusu. Huo ni wastani. Nyuma yake wapo waliotangulia na waliochelewa, wote wakiwa wazima.

Dalili ninazoziamini mimi ni hizi. Anakaa mkavu saa mbili hivi mfululizo, au anaamka mkavu baada ya usingizi wa mchana. Hapo kibofu chake kimeanza kuhifadhi. Anaelewa maagizo mawili yaliyofuatana, kama "chukua kiatu, kilete hapa." Anaweza kushusha suruali yake, hata kwa shida. Na anajificha nyuma ya mlango au pazia anapotaka haja kubwa. Hii ya kujificha wazazi wengi huiona kama utundu, nami naihesabu kuwa dalili bora kuliko zote, maana mtoto anayejificha anajua kinachokuja kabla hakijaja.

Kama nyumbani kuna mtoto mchanga aliyezaliwa juzi, au mnahama, au mtoto ametoka kuugua, ahirisha. Wiki sita za kusubiri hazimharibii kitu.

Hatua ya pili: saizi na ukaaji wake

Nunua kwa uzito wa mtoto, achana na umri. Uzito umeandikwa kwenye pakiti. Mtoto akiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa, kwa sababu inayobana hawezi kuishusha mwenyewe, na akishindwa mara tatu hatajaribu mara ya nne. Isiwe kubwa hadi ikaacha nafasi mapajani.

Mbele na nyuma hutofautiana, na upande wa nyuma huwa mpana kidogo. Mfundishe mtoto kutafuta mchoro wa mbele. Akishavaa, pitisha kidole kuzunguka kila paja ili zile kingo zenye lastiki zitoke nje zisikunjike kwa ndani. Wengi wanaolalamika kwamba pampasi "inavuja" wana kingo zilizojikunja, hawana pampasi mbovu. Kwa mvulana, hakikisha uume umeelekea chini kabla ya kuachia kiuno, la sivyo mkojo utatokea tumboni. Jioni ukimvua, angalia ngozi: alama nyepesi za lastiki ni kawaida, lakini mstari mwekundu uliokaa muda mrefu unakuambia uchukue saizi kubwa zaidi.

Siku chache za mwanzo, mwachie azivute juu na chini kama mchezo, akiwa mkavu, bila kudaiwa kukojoa. Suruali ya juu iwe ya lastiki. Vifungo, zipu na mkanda viweke kabatini hadi mambo yatulie.

Hatua ya tatu: igawe siku

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua siku tatu hadi tano ambazo mtakuwa nyumbani. Katika siku hizo, kuanzia anapoamka hadi usingizi wa mchana, avae chupi ya pamba ya kawaida, au asivae kitu kiunoni kama mazingira yanaruhusu. Pampasi ya chupi itavaliwa usingizi wa mchana, safarini, na usiku. Ondoa mazulia, weka poti pale anapochezea, andaa chupi kumi na matambara ya kutosha.

Binti yangu siku ya kwanza alikuwa amesimama kwenye kiti akichora. Mkojo ukamshuka kwa mguu wa kushoto, ukapita gotini, ukafika kisiginoni, ukaanza kudondoka kutoka kwenye kiti. Aliacha penseli. Akautazama mguu, akanitazama mimi, akautazama mguu tena. Nikasema, "Kojo limetoka. Kojo huwa tunaliweka kwenye poti." Tukaenda, akakaa sekunde kama kumi, hapakutoka kitu, tukafuta kiti pamoja. Siku hiyo alijikojolea mara sita. Siku ya pili mara nne, na mara moja kati ya hizo alibana katikati, akakimbia huku amejishika, akamalizia kwenye poti vijiko viwili vya mkojo. Kwangu vile vijiko viwili vilikuwa ushindi mkubwa, kwa sababu alikuwa amejifunza kubana. Kwenye pampasi asingebana, maana hakuna kinachomwambia abane.

Usimuulize "unataka kukojoa?" Mtoto wa miaka miwili anayecheza atakujibu hapana, na dakika mbili baadaye sakafu imelowa. Tumia saa zinazojileta zenyewe: akiamka, kabla ya kutoka nje, kabla ya kuoga, kabla ya kulala, na robo saa hadi nusu saa baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huanza kusukuma. Mwambie, "Twende poti, halafu turudi kwenye vitofali." Akae dakika tatu, tano zikizidi sana. Kumkalisha nusu saa kunamfanya aichukie poti.

Mkitoka nje, mvalishe pampasi ya chupi, na hapa nina mbinu niliyoazima kwa mama mmoja, ambayo kwetu ilifanya kazi kuliko zote. Mvalishe chupi ya pamba kwanza, kisha pampasi juu yake. Akikojoa, pamba inalowa na inabaki imemgusa ngozi, kwa hiyo anahisi. Lakini kiti cha gari kinabaki kikavu. Itabidi umbadilishe mapema, asikae na pamba mbichi.

Kuna sentensi moja ambayo naomba ifutike nyumbani kwenu: "Kojoa tu, umevaa pampasi." Tunaisema tukiwa na haraka, kwenye foleni, njiani, mikono imejaa mizigo. Nimeisema mwenyewe mara nyingi kwa yule wa kwanza. Kwa mtoto hiyo ni ruhusa, na ruhusa uliyompa barabarani ataitumia na nyumbani. Akisema anataka, simamisha gari, ingia popote penye choo. Mkikosa kabisa, sema, "Tumechelewa kufika chooni, pole, tutakubadilisha sasa hivi." Ujumbe unabaki kwamba mkojo mahali pake ni chooni.

Bibi, mlezi wa nyumbani na walimu wa kituo wapewe utaratibu huohuo na maneno hayohayo. Kituo kimoja alichosoma mwanangu kiliwavalisha watoto wote pampasi hadi jioni kwa kuwa walezi walikuwa wachache. Nilielewa ugumu wao, lakini kila nilichojenga wikendi kilibomoka Jumatatu. Kwa binti yangu nilizungumza nao mapema, nikapeleka chupi nane na suruali tano kwenye mfuko wenye jina lake, nikaomba apelekwe choo kila baada ya kula. Walikubali mara moja.

Utaratibu huu pia unapunguza gharama. Kutwa nzima mtoto humaliza pampasi tano au sita, yaani 150 hadi 180 kwa mwezi. Moja ya kutokea, moja ya mchana na moja ya usiku ni 90. Nunua pakiti ndogo. Mtoto anayefundishwa anabadilika haraka kuliko pakiti kubwa inavyoisha.

Hatua ya nne: kubadilisha na kutupa

Iliyolowa mkojo mwachie aishushe mwenyewe, ni mazoezi. Yenye haja kubwa usiivute chini, utampaka miguu yote hadi kwenye soksi. Mtoto asimame, ashike bega lako, wewe chana mishono ya pembeni kutoka juu kwenda chini, kisha itoe kwa kupitia katikati ya miguu. Mfute kutoka mbele kwenda nyuma, hasa msichana, ili uchafu wa nyuma usiingie kwenye njia ya mkojo.

Kumvalisha nyingine kunadai viatu na suruali vitoke, na ni kero mkiwa njiani. Kwa sababu hiyo mtoto akiharisha mimi hurudi kwenye pampasi za kufunga hadi apone. Saa hizo hakuna somo la choo linaloingia.

Mbadilishe kila baada ya saa mbili au tatu hata kama michoro haijafifia yote, na mara moja akipata choo. Ngozi ikiwa nyekundu, osha kwa maji, kausha kwa kugusagusa, iachie hewa, paka krimu yenye oksidi ya zinki. Vipele vikienea kwenye mikunjo, vikiwa na vidoa vidogo pembeni, huenda ni fangasi, na hiyo inahitaji dawa nyingine. Mwone mhudumu wa afya.

Kinyesi kimwage chooni, pampasi ikunje kwa ndani, ifunge kwa utepe kama inao nyuma, itupe kwenye pipa. Usiitumbukize chooni hata kipande, ile jeli inavimba na kuziba bomba. Muite mtoto aone kinyesi kikienda chooni. Binti yangu alikipungia mkono wa kwaheri wiki nzima.

Hatua ya tano: haja kubwa, ambayo huchelewa

Usishangae mtoto anayekojoa vizuri kwenye poti akakataa kata kata kunyea humo, akadai avalishwe pampasi, akaenda nyuma ya pazia, akasukuma akiwa amesimama. Ni jambo la kawaida sana, na ndipo wazazi wengi hugombana na watoto wao bure.

Mpe pampasi anayoomba. Ukimnyima, atabana, na choo kinachobanwa kinakauka, kinakuwa kigumu, kinamuuma siku kinapotoka, naye siku inayofuata anabana zaidi. Mzunguko huo ukishaanza ni mgumu kuuvunja kuliko pampasi yenyewe. Badala yake, msogeze hatua moja moja. Wiki ya kwanza avae pampasi anapoitaka, sharti awe ndani ya choo. Akizoea, apate choo akiwa amekaa kwenye poti, pampasi ikiwa bado mwilini. Akizoea na hilo, kata tundu sehemu ya chini ya pampasi kabla hujamvalisha, ili kinyesi kipite kiangukie kwenye poti huku yeye bado anahisi amevaa. Ukikata, chembe za ndani zitamwagika, kwa hiyo zikung'ute kabla hazijamfikia. Kila siku chache tundu liongezeke, hadi abaki na mkanda wa kiuno tu. Mwanangu alikaa na ule mkanda siku tano. Siku ya sita akasema hautaki, unawasha.

Miguu yake isining'inie. Kwenye choo cha kukalia cha wakubwa weka kigoda, magoti yapande juu kidogo kuliko nyonga. Bila pa kukanyagia, kusukuma ni kazi ngumu. Maji ya kunywa, matunda na mboga visikosekane. Choo kikiwa kigumu siku nyingi, kina damu, au mtoto analia kila akienda, simamisha mafunzo yote na umpeleke kwa daktari. Tumbo litibiwe kwanza.

Hatua ya sita: usiku ni somo lingine

Mchana mtoto anafundishika. Usiku unategemea mwili wake: kibofu kikue, ubongo ujifunze kumwamsha, na homoni ya vasopresini, inayopunguza mkojo wakati wa usingizi, itoshe. Hakuna zawadi wala kemeo linaloharakisha hayo. Kati ya watoto wa miaka 5, takriban 15 katika kila 100 bado hukojoa kitandani, na wengi hukauka wenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza mchana akivaa pampasi ya chupi usiku kwa mwaka mzima au zaidi, hamjashindwa chochote. Iite "chupi ya kulalia," umvalishe dakika ya mwisho kabla ya kulala, na asubuhi itoke kabla ya chai, ili isianze kunyemelea mchana.

Akiamka mkavu asubuhi saba hadi kumi mfululizo, jaribu bila. Tandika shuka lisilopitisha maji chini ya shuka la kawaida, na juu yake seti nyingine ya namna hiyohiyo, ili saa nane usiku uvute za juu tu, mrudi kulala. Akilowesha usiku tatu katika wiki, mrudishie pampasi bila maelezo marefu, mjaribu tena baada ya mwezi.

Mwone daktari kama mkojo unamuuma au unanuka isivyo kawaida, ana kiu kali na anakojoa mno, mkojo unadondoka muda wote, amefika miaka 4 na mchana bado hajaweza, au alikuwa mkavu miezi sita na zaidi kisha akaanza tena kulowesha.

Akirudi nyuma

Atarudi. Binti yangu alirudi alipopata homa, na tena kaka yake alipoanza shule. Nilimvalisha pampasi siku mbili za homa, ya tatu tukaendelea na chupi ya pamba asubuhi kama mwanzo, bila kumkumbusha kwamba "ulikuwa umeshaacha wewe." Maneno hayo mtoto huyabeba hadi kwa watu, na akiyasikia mbele ya wageni huinamisha kichwa. Mwambie amelowa, mbadilishe, mwendelee na mchezo.

Pakiti ya mwisho haitaisha. Weka mbili kwenye begi la safari, moja kwenye gari, na zilizobaki mpe mzazi mwenye mtoto wa uzito ulioandikwa pale mbele.